Amu: Mji, Bandari na Haki ya Kuulizwa

Barabara ya kwenda Lamu hukatika Mokowe. Basi lililotoka Mombasa alfajiri na kupita Malindi, Garsen na Witu, safari ya zaidi ya kilomita 300, huishia penye gati, na kutoka hapo hakuna gurudumu litakalomfikisha msafiri mbele. Mizigo huteremshwa, watoto hushikwa mikono, nasi akina mama hukunja mabuibui tukaingia mashuani. Nahodha hutazama maji kabla ya kutazama saa, kwa kuwa hapa safari huenda kwa kujaa na kupwa. Kisha mashua hukata kona, na Amu ikajitokeza: mstari mrefu wa nyumba nyeupe ukingoni mwa bahari, minara ya misikiti, minazi nyuma yake, na majahazi yaliyofungwa mbele ya forodha.

Wasomaji wetu wengi wanaijua safari hii. Wapo wanaoifanya kwa ajili ya harusi, wapo wanaokwenda kutazama wazee, na wapo wanaokwenda mwezi wa Mfunguo Sita, Maulidi yanaposomwa katika msikiti wa Riyadha, chuo kilichoasisiwa na Habib Swaleh zaidi ya miaka 100 iliyopita. Juma hili tumeona tuisimulie safari hiyo kwa jicho jingine. Tumeutazama mji huu kama amana, tukajiuliza: serikali inapotaka kujenga jambo kubwa karibu na amana kama hii, nani huulizwa, huulizwa lini, na kwa lugha gani?

Tuanze na mji wenyewe. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001. Sababu iliyotolewa haikuwa majengo pekee. Huu ni mji wa Waswahili ambao watu hawajaacha kuishi ndani yake kwa zaidi ya miaka 700, na ambao bado unaswali, unasomesha, unaoza na kuzika katika vichochoro vile vile. Yapo magofu mengi ya miji ya kale katika pwani yetu. Takwa, ng'ambo ya pili katika kisiwa cha Manda, ni mfano mmoja, na Gede karibu na Malindi ni mwingine. Huko watu hulipa kiingilio wakatazama kuta zilizonyamaza. Amu haijanyamaza. Ukipita njia kuu, inayoitwa na wenyewe Usita wa Mui, utasikia watoto wa chuoni wakisoma, utapishana na punda aliyebeba mawe ya kujengea, na utasikia harufu ya mkate wa mofa kabla hujauona.

Nyumba za mawe za Mkomani zina ukweli wake ambao mpita njia hauoni. Kwa nje ni ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, mlango wa mbao uliochongwa, na daka lenye viti vya mawe ambapo wanaume hupokea wageni. Ndani huanza ulimwengu mwingine: kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, misana iliyofuatana, kisha chumba cha ndani kabisa chenye ukuta wa zidaka. Boriti za mikoko ndizo zilizobeba dari, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Desturi ya wenye nyumba hizi ilikuwa kumpa binti nyumba au orofa anapoolewa, hata mji ukakua kwa juu kama ulivyokua kwa pembeni. Na juu ya vichochoro kuna wikio, yaani chumba au daraja linalounganisha nyumba mbili ng'ambo ya njia, ambalo mama hulipita akenda kwa dada yake pasi na kushuka barabarani. Anayepita chini huona kivuli tu. Anayepita juu huona udugu, faragha na usalama wa wanawake wa vizazi vingi. Tuliweke akilini wikio hili, kwa maana tutalirudia.

Kitu cha pili ambacho mgeni hakioni ni maji. Kusini mwa mji, baada ya kijiji cha Shela, kuna vilima vya mchanga mweupe. Mtalii huviona kuwa mahali pa kupigia picha. Mwenyeji anajua kuwa hilo ndilo tangi la kisiwa: mvua hunywewa na mchanga, ikachujwa taratibu, ikakaa chini juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Visima vya Shela ndivyo vinavyounywesha mji. Mchanga ukichimbwa au ukijengwa juu yake, au maji yakivutwa kuliko yanavyorudi, chumvi hupanda. Na kisima kikishaingia chumvi, wa kwanza kujua ni mwanamke anayepika chai.

Sasa tupande mashua tena, tuelekee kaskazini kama waendao Pate, Siyu na Faza. Njia hupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya bara na kisiwa cha Manda, wenye mikoko kushoto na kulia. Zamani maji yakipwa, Mkanda ulikuwa haupitiki ila kwa kusukumana na matope. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya imo katika maji ya Lamu, na humo ndimo samaki na kamba hulelewa wakiwa wadogo kabla ya kutoka bahari kuu. Mashua ikitoka Mkanda, ghuba ya Manda hufunguka, na upande wa bara huonekana jambo ambalo wazee wetu hawakuliota: gati za saruji zilizonyooka, kila moja urefu wa mita 400, na kina cha maji kilichochimbwa hadi mita 17.5 ili meli kubwa zipate kutia nanga.

Hiyo ndiyo bandari mpya ya Lamu, iliyo sehemu ya mradi wa LAPSSET unaokusudia kuunganisha pwani yetu na Ethiopia na Sudan Kusini kwa barabara, reli na bomba la mafuta. Mradi ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Mpango wote ni wa gati 32. Zilizojengwa kwanza ni 3, na ya kwanza kati ya hizo ilifunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021.

Hatuandiki haya kwa kuipinga bandari. Amu yenyewe ni mtoto wa bandari. Bila biashara ya bahari pasingekuwa na mlango hata mmoja uliochongwa. Vijana wetu wanahitaji kazi, na wagonjwa wa visiwani wanahitaji barabara njema. Swali letu ni la utaratibu, na utaratibu huo umeandikwa katika sheria za nchi hii.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inasema kwamba mradi mkubwa, uwe wa serikali au wa mtu binafsi, usianze kabla ya kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kupewa leseni na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA. Kanuni za mwaka 2003 zinaeleza namna ya kuwauliza watu wakati wa uchunguzi huo: mabango yabandikwe mahali pa wazi karibu na eneo la mradi, tangazo litolewe gazetini kwa majuma mawili mfululizo, redioni litangazwe kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua 3 ifanywe pamoja na watu watakaoguswa. Ripoti ikikamilika, iambatane na muhtasari usio na maneno ya kitaalamu. Kwa upande wa mambo ya kale, ipo Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, inayolinda majengo na maeneo yaliyotangazwa katika Gazeti Rasmi. Na juu ya zote ipo Katiba ya mwaka 2010: kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya, na cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameshapata hasara.

Mtu akisoma haya hudhani yote yamekamilika. Lakini Lamu imetufundisha kuwa sheria ni kama mashua iliyo ufukweni: haendi mtu mpaka ashukwe na kusukumwa.

Baadhi ya wenyeji wa Lamu, wakiwamo wavuvi, waliupeleka mradi wa bandari mahakamani mwaka ule ule wa 2012. Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu mwaka wa 2018. Majaji waliona kwamba haki za wenyeji zimevunjwa katika mambo kadhaa: haki ya kupata habari, haki ya mazingira safi na haki ya utamaduni wao, na kwamba athari za mradi kwa mji wa urithi hazikupewa uzito uliostahili. Wavuvi wapatao 4,600 waliamuriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa uchimbaji wa ghuba na kufungwa kwa njia za maji kuliondoa riziki yao. Kesi haikuishia hapo, maana rufaa na mazungumzo vilifuata. Lakini jambo moja lilithibiti: mvuvi wa dema na mshipi, asiye na hati ya kuimiliki bahari, ana haki ndani yake kwa kuwa ameifanya kazi yeye na baba yake na babu yake.

Kamati ya Urithi wa Dunia nayo ilikwisha kuitaka Kenya ifanye tathmini ya athari kwa urithi wa mji wa Lamu, si mazingira peke yake. Tofauti ya mambo haya mawili ni muhimu. Tathmini ya mazingira huuliza maji yatakuwaje, samaki watakuwaje, hewa itakuwaje. Tathmini ya urithi huuliza mji utabaki kuwa mji gani. Bandari ikileta watu laki kadhaa bara, nyumba za Mkomani zitauzwa kwa nani? Mafundi wa chokaa watapata wanafunzi wapi? Adhana itasikika juu ya kelele gani? Ukuta waweza kubaki pale pale, na mji ukawa umeondoka.

Mfano wa pili uko Kwasasi, bara, umbali wa takriban kilomita 20 kutoka mji wa kale. Huko ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. NEMA ilitoa leseni mwezi wa Septemba 2016. Wenyeji, chini ya muungano uitwao Save Lamu, walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Hoja kubwa ilikuwa hii: mikutano ilifanywa mwanzoni, kabla ya uchunguzi kukamilika, watu wakaelezwa mema ya mradi kwa jumla, lakini ripoti yenyewe ilipotoka, yenye habari za majivu, moshi na maji ya moto yatakayorudi baharini, haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo ili waijadili. Kumwita mtu mkutanoni kabla hujajua utamwambia nini si kumshauri.

Neno hilo la kushauri si geni kwetu. Ndani ya Qur'ani ipo sura nzima iitwayo Ash-Shura, na humo waumini wamesifiwa kwa kuendesha mambo yao kwa mashauriano, sifa iliyowekwa kando ya Swala na kutoa. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alitupigia mfano ambao watu wa pwani tunaufahamu kuliko wengine. Ni mfano wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona wanawasumbua wenzao, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao wenyewe. Wakiachwa, wote huzama. Wakizuiwa, wote huokoka. Tazameni kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji, na walisema tundu ni katika sehemu yao. Miradi mingi ni hivyo. Anayejenga ana haja ya kweli, na eneo analo kwa hati. Lakini bahari haijui mipaka ya hati.

Turudi sasa kwenye wikio. Mtaalamu anayetumwa kupima athari za mradi huja na kamera, ramani na siku chache. Hupita njiani, hukaa darakani, huzungumza na wazee wa kiume, mwenyekiti wa wavuvi na chifu. Ataandika kuwa wikio lina urefu fulani na nyufa fulani. Hatajua nani hulipita, wala kwa nini lisibomolewe, kwa sababu wanaojua wako juu na yeye yuko chini. Hivyo hivyo hatajua kisima kipi kimeanza kuwa na chumvi, wala ni sehemu gani ya mwambao ambapo akina mama huokota chaza na kombe maji yakipwa, wala mkoko upi huachwa usikatwe kwa sababu nyuki wamo. Hatajua kuwa kipande kile kisicho na ukuta, kilichoota majani, ni makaburi ya watoto. Mambo haya hayamo katika kumbukumbu za ofisi ya ardhi. Yamo vifuani mwa bibi zetu, na asiyeulizwa hawezi kulaumiwa kwa kunyamaza.

Twajua sababu za kutokuwapo kwetu. Mkutano huitwa saa nne asubuhi, wakati sufuria iko motoni. Huitwa katika ukumbi ambao wanawake hawakutengewa mahali pa kukaa kwa staha. Ripoti ni ya mamia ya kurasa, kwa Kiingereza cha kitaalamu, katika mji ambao Kiswahili kimelelewa. Ilhali Katiba imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Kuomba muhtasari kwa Kiswahili si kuomba hisani.

Basi familia zetu zifanye nini, iwe Lamu au Mombasa, Malindi, Kilifi au Vanga? Maana jambo hili si la Amu tu. Mji wa Kale wa Mombasa una Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Makaya ya Wamijikenda yaliingizwa mwaka wa 2008. Na kila mji wetu una msikiti wa zamani, kisima cha wakfu na mava ambayo hayajaandikwa popote.

La kwanza, tuandike. Kila mtaa uwe na daftari moja la misikiti, visima, makaburi na mali za wakfu, pamoja na jina la mahali, nani alitoa, na mipaka inayojulikana. Wasichana wetu wa sekondari wanaweza kuifanya kazi hii likizoni kwa kukaa na bibi zao. Kitu kilichoandikwa mapema hakiwezi kuambiwa hakikuwapo.

La pili, tusome matangazo. Ukiona bango la mradi, piga picha, na mpe imamu alitangaze baada ya Swala ya Ijumaa na katika darasa za akina mama. Muda wa kutoa maoni huwa mfupi, na ukipita, umepita.

La tatu, tuombe ripoti na muhtasari wake, na maoni yetu yapelekwe kwa maandishi, yakiwa na tarehe na sahihi. Neno la mdomo mkutanoni hupotea. Barua hubaki katika faili, na baadaye huwa ushahidi.

La nne, tuombe kikao cha wanawake peke yao, mahali na saa inayotufaa. Tukiomba mikutano 3 iliyotajwa na kanuni, mmoja wao uwe wetu.

La tano, tukumbuke siku 60. Huo ndio muda alionao asiyeridhika na leseni kwenda mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira. Wenyeji waliokwenda mbele ya jopo hilo kuhusu Kwasasi hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa wavuvi, walimu, wazee na akina mama waliohesabu siku zao vizuri.

Mradi mwema hauogopi maswali. Ukiulizwa mapema, hujengwa mahali panapofaa, kwa gharama ndogo kuliko ile ya kulipa fidia na kuondoa makosa baada ya saruji kukauka. Na mradi usioweza kujibu swali la mama mmoja juu ya kisima chake, haujawa tayari kupewa leseni.

Allah atujaalie tuwe wenye kuzitunza amana tulizokabidhiwa, na awape viongozi wetu masikio ya kusikia kabla ya mikono ya kujenga. Wabillahi tawfiq.